Franga kidogo za mji wa Lubumbashi: zianze kwenye lami ao kwenye mabasi?

#1 Mwana wa Kamalondo

Jambo, wakubwa kwa wadogo. Nauliza bila kuzunguka: mji ukipata franga, zianzie wapi? Jibu tunalolisikia siku zote ni lami. Mimi nasema tunaanzia pabaya.

Angalieni Tunnel saa moja asubuhi. Mstari mmoja wa magari mjini, penye makutano, hupitisha kama magari 800 kwa saa. Ungekuwa wazi kabisa ungepitisha 1,800, lakini zaidi ya nusu ya saa unasimama kupisha upande mwingine. Magari 800 yenye watu wawiliwawili ni watu 1,600. Basi la watu 80 likipita kila dakika ni watu 4,800, na mabasi yenyewe ni 60 tu, hata ukihesabu kila moja kuwa linakula nafasi ya magari matatu. Kupanua pale hakuna: juu ni reli, pembeni ni kuta. Sasa kwa nini lami ipewe kila kitu? FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, inachukua pesa kwenye kila lita ya mafuta, inunue mabasi.

#2 Fundi Chassis

@Mwana wa Kamalondo, hesabu imesimama, ila basi lako halitafika Tunnel. Nitakueleza linavyokufa.

Basi la kisasa lenye sakafu ya chini linakaa juu ya mabaluni ya hewa. Kwenye mashimo na vumbi letu jekundu, mchanga unaingia kati ya mpira na kikombe chake, unasaga polepole, baluni inatoboka. Shofa anaendelea hivyohivyo mpaka jioni. Uzito unalalia upande mmoja, amortisseur (shokabu) zinaanza kutoa mafuta, kisha rotule za usukani zinalegea. Pua ya basi, ile sehemu iliyo mbele ya magurudumu ya mbele, inagonga kila linaposhuka kutoka lami kwenda udongo. Kinachofuata ni mlango wa katikati. Fremu ikipinda milimita chache, mlango haufungi vizuri, na mabasi mengi ya sasa yana kizuizi: mlango haujafunga, gari haliondoki. Basi zima linalala gereji kwa ajili ya mlango, wakati injini ni nzima kabisa.

Filta ya hewa nayo. Kiangazi, kwenye avenue za udongo, itazamwe kila wiki. Ukiisafisha kwa upepo wa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, na usirudie mara nyingi kwa sababu karatasi inachanika bila wewe kuona. Vumbi likipita hapo linakula turbo kwanza, kisha segmenti (ring za pistoni).

Kwa barabara zilizopo leo, basi linalofaa ni la chassis ya kamyo: lame (springi bapa) za chuma, injini mbele, sakafu juu. Wazee watapata tabu kupanda. Bila lami nzuri, hilo ndilo chaguo, na hata hilo litadumu nusu ya umri wake.

#3 Kaniveau Kwanza

Nyote wawili mmeruka maji.

Mvua yetu ni kama milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Novemba na Machi. Udongo wa laterite ukikauka ni mgumu sana, ukilowa hauna nguvu. Lami haiuawi na magari peke yake. Ufa mdogo unaingiza maji, maji yanakaa juu ya tabaka la chini, gurudumu likipita linayakandamiza na yanatoka kwa nguvu yakibeba udongo laini. Umeshaona matope mekundu yanatoka kwenye ufa wa lami ambayo bado inaonekana nzima? Basi hapo chini pameshakuwa tupu, na wiki mbili za mvua zinatosha kufungua shimo.

Maji yanafika hapo kwa sababu kaniveau, mfereji wa pembeni ya barabara, imejaa sachet na mchanga, ao dalle zake (mifuniko ya zege) zimevunjwa na magari yanayopanda kuegesha. Unaweza kuweka sentimita 5 za lami mpya juu ya kaniveau iliyoziba, utakuwa umeifunika pesa ili ioze. Franga ya kwanza iende kwenye koleo na toroli, kati ya Agosti na Oktoba. Si kwenye basi wala kwenye lami.

#4 Ba Njanja

@Kaniveau Kwanza, koleo tunazijua. Wanatoa mchanga, wanauacha lundo pembeni ya kaniveau, mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Kazi hiyo haina faida kama kamyo ya kubeba haifiki siku ileile.

#5 Kaniveau Kwanza

Ni kweli, kubeba ni nusu ya kazi. Mkataba ulipe kwa mita ya kaniveau iliyosafishwa NA kubebwa. Ukilipa kwa siku, utapata malundo.

#6 Yaya Hesabu

Niwape kipimo kinachounganisha mambo haya mawili, kwa sababu hapa watu wanabishana kana kwamba lami na basi ni mifuko miwili isiyojuana.

Chukua njia ya kilomita 12, basi moja kila dakika 7. Barabara ikiwa mbovu, basi linatembea kilomita 12 kwa saa: dakika 60 kwenda, dakika 60 kurudi, ongeza dakika 10 za kupumzika kila mwisho. Jumla 140. Gawa kwa 7: mabasi 20. Ongeza akiba ya gereji, asilimia 15: mabasi 23.

Sasa tengeneza barabara na uondoe magari yanayoegesha, basi litembee kilomita 20 kwa saa. Dakika 36 kwenda, 36 kurudi, na zile 20: jumla 92. Gawa kwa 7, unapata 13 na kidogo, yaani mabasi 14. Na akiba, 16. Umeokoa mabasi 7 na shofa wake, na abiria anangoja muda uleule. Kwa hiyo kabla ya kununua basi la 17, uliza kama pesa yake isingefanya kazi zaidi kwenye mita 300 mbaya kuliko zote za njia hiyo. Mara nyingi mwendo haupotei njia nzima. Unapotea mahali pawili ao patatu: makutano, soko, na mlima wenye mashimo.

#7 Mwana wa Kamalondo

Aksanti yaya. Lakini sehemu ya "uondoe magari yanayoegesha" haihitaji lami hata tone. Hesabu yako inanipa haki mimi.

#8 Yaya Hesabu

Inakupa nusu. Nusu nyingine ni ya Fundi Chassis.

#9 Parking ya Kenya

Mnaongea kama vile mji hauna usafiri. Mji una usafiri, taxi-bus ziko nyingi. Kinachokosekana ni mpango.

Shofa wa taxi-bus hana mshahara. Ana versement: jioni patron anataka kiasi chake, hata kama ulishinda umekwama. Mafuta juu yake, roulage (polisi wa barabarani) juu yake, pesa ya parking juu yake, kinachobaki ndicho chakula. Kutoka hapo kila tabia inayowakera inaeleweka. Anangoja ijae kabla ya kuondoka, kwa hiyo anayepanda katikati ya njia hapati kiti. Saa ya watu wengi anakata njia vipande viwili ili abiria alipe mara mbili. Mvua ikinyesha, anaacha avenue mbaya na kukimbilia lami, kwa hiyo nyuma ya Katuba na Ruashi, commune (kata za mji) kama hii yetu ya Kenya, watu wanabaki na moto (pikipiki) ao miguu. Na Hiace yetu wanaikalisha wannewanne kwenye safu zilizopimwa watu watatu.

Leteni mabasi 100 mapya na mfumo uleule wa versement, yatafanya mambo yaleyale, makubwa zaidi. Dawa ni kumlipa mwenye gari kwa kilomita aliyotembea kwa ratiba, na nauli iende kwenye sanduku moja. Akiwa analipwa kwa kilomita, hana sababu ya kungoja kujaa.

#10 Fundi Chassis

@Parking ya Kenya, ongeza hili. Hiace nyingi hapa zimetengenezwa kwa nchi wanazopita kushoto, usukani kulia, na mlango wa kuburuta uko ubavu wa kushoto. Sisi tunapita kulia. Kwa hiyo abiria anashukia katikati ya barabara, kwenye mstari wa magari yanayopita. Kuhamisha usukani kunafanyika kila siku, kuhamisha mlango hakuna anayefanya kwa sababu ni kukata ubavu mzima na kuweka reli mpya ya mlango juu na chini. Ndiyo maana taxi-bus ikisimama, nyuma yake wote wanasimama: watu wanashuka mbele ya bumper zao. Kila kituo kinaziba mistari miwili kwa sababu ya upande wa mlango.

#11 Mama Soko

Hilo la mlango ni sahihi kabisa, na hakuna anayelisema kwenye mikutano.

Nina jambo la mzigo. Nusu ya wanaopanda asubuhi kwenda Marché Mzee na soko la Kenya wana mfuko: unga, mboga, makala (makaa), samaki wa Kasenga. Taxi-bus inabeba juu ama chini ya kiti cha nyuma. Basi kubwa la sakafu ya chini linakataa mzigo, ao linauweka kwenye korido na hapo watu 80 wanakuwa 50. Mkihesabu watu peke yao mtaagiza gari ambalo wauzaji hawawezi kulitumia, nao ndio wanaolipa nauli kila siku ya Mungu. Agizeni yenye nafasi tupu nyuma, bila viti, mlango mpana, na nauli ya mfuko iandikwe wazi ili receveur (kondakta) asijipangie.

#12 Sheria na Mji

Nisahihishe #1. FONER haiwezi kununua mabasi. Iliundwa kwa sheria nambari 08/006-A ya tarehe 7 Julai 2008, na kazi yake ni matengenezo ya barabara. Pesa yake inatoka kwenye mafuta na péage (ushuru wa kupita barabarani). Ukiiomba basi, sheria inakataa, hata kama wazo ni zuri.

Kisha jueni nani ni nani. Barabara za ndani ya mji na mifereji yake ni kazi ya Office des Voiries et Drainage, OVD. Barabara za taifa ni Office des Routes. Shida inakuja pale RN1 inapoingia mjini ikitoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kutoka tena kuelekea Likasi. Shimo moja linaweza kuwa na wenyewe wawili kwenye karatasi na hakuna kwenye barabara. Vignette, kodi ya gari ya kila mwaka, inalipwa kwa jimbo. Parking ni ya mji na commune. Pesa nyingi, ofisi nyingi, na basi halina mstari wake kwenye bajeti hata moja kati ya hizo.

#13 Mtu wa Kamyo

Na uzito? Mbona mnaogopa kuugusa?

Ekseli ikizidishwa uzito mara mbili, uharibifu wake kwa lami hauzidi mara mbili, unazidi kama mara 16. Hilo lilipimwa Marekani kwenye majaribio ya AASHO, 1958 hadi 1960, na wahandisi wanalitumia mpaka leo. Kwenye nchi za SADC mpaka unaokubaliwa ni tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu pacha, na tani 56 kwa gari zima. Kamyo ikipita na tani 13 kwenye ekseli badala ya 10, piga hesabu: 1.3 mara 1.3 mara 1.3 mara 1.3, unapata karibu 2.9. Ekseli moja imefanya kazi ya tatu. Gari dogo halihesabiki hata, na moto ni bure kabisa kwa lami.

Kwa hiyo anayelipa vignette ya Vitz analipia uharibifu wa mzigo wa shaba. Wekeni mzani unaofanya kazi, wenye kushusha mzigo uliozidi palepale. Faini peke yake haisaidii, kwa sababu kamyo inalipa na kuendelea na uzito wake.

#14 Kaniveau Kwanza

@Mtu wa Kamyo, hiyo inaeleza route Likasi na route Kasumbalesa. Haielezi avenue za ndani ya Katuba ama Kenya, ambako kamyo ya shaba haijawahi kuingia na lami imeoza vilevile. Huko ni maji. Na tabaka jembamba: kuna mahali wameweka enduit (ngozi ya lami na kokoto) ya sentimita 2 juu ya udongo usioshindiliwa. Kipimo cha kushindilia kinatakiwa kifike asilimia 95 ya Proctor (kipimo cha maabara cha kushindilia udongo) kwa tabaka la chini na 98 kwa lile linalobeba lami. Wangapi wanapima?

#15 Mtu wa Kamyo

Basi lako la watu 80 nalo ni zito, usilisahau. Ekseli ya nyuma ya basi la mita 12 lililojaa inafika tani 10 na kupita kidogo. Ukiliingiza kwenye hiyo enduit ya sentimita 2, utalivunja goudron la Katuba ndani ya msimu mmoja.

#16 Yaya Hesabu

Hapo Mtu wa Kamyo amepiga penyewe. Ndiyo maana njia za basi huchaguliwa chache, zijengwe nzito, na ndani ya quartier (mitaa) ziingie gari ndogo. Huwezi kupitisha basi kubwa kila avenue.

#17 Ba Njanja

Reli inapita katikati ya mji tangu 1910 na mnaongelea mabasi! Treni haina shimo wala msongamano. Kuna mstari wa Likasi, wa Sakania na wa Kipushi. Wekeni treni ya asubuhi na ya jioni.

#18 Parking ya Kenya

Ba Njanja, yaani mtu wa reli, jina lako limekusaliti, tulijua utaileta.

#19 Sheria na Mji

Ni wazo zuri, ila angalia ugumu wake. Reli ni mstari mmoja, upana wa milimita 1,067. Treni mbili haziwezi kupishana ila kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Ukiwa na njia ya kupishana kila kilomita 10, na treni zinatembea kilomita 30 kwa saa, kila treni inakula dakika 20 za kipande chake kabla ya nyingine kutoka upande wa pili kuingia. Ina maana treni moja kila dakika 40 kila upande, na hapo treni za mizigo bado hujaziweka. Kwa watu wa ofisi na wanafunzi, treni moja kubwa ya saa kumi na mbili inaweza kusaidia sana. Kwa muuza soko anayeenda na kurudi, haisaidii.

#20 Ba Njanja

Treni ya mabehewa 6 inabeba watu zaidi ya 600. Hiyo ni Hiace zaidi ya 30 hazipo Tunnel. Hata ikipita mara mbili tu asubuhi, ninaichukua. Njia ya kupishana ni mita mia chache za reli na swichi mbili za kuhamisha treni. Ni rahisi kuliko kubomoa nyumba kwa ajili ya barabara.

#21 Mwalimu wa Kasapa

Naomba tuangalie Dar es Salaam, kwa kuwa wengi hapa wanapokea magari kutoka bandari ile na wameona mwendokasi kwa macho. Awamu ya kwanza ni kilomita 20.9, ilianza kubeba watu Mei 2016. Njia zake ni zege, vituo viko katikati ya barabara, abiria analipa kabla ya kupanda. Muda wa kusimama kituoni ukapungua kwa sababu hakuna anayetafuta chenji mlangoni, na sakafu ya kituo iko sawa na ya basi.

Lakini karakana yake wakaijenga Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa zikija, bonde linajaa, na mabasi yamezama humo zaidi ya msimu mmoja. Usafiri ulisimama kwa sababu ya maji.

#22 Kaniveau Kwanza

Sina la kuongeza. Mwalimu amelisema.

#23 Mwana wa Kamalondo

Usijipe ushindi bure, mkubwa. Jangwani inasema mtu achague vizuri mahali pa karakana, haisemi basi lisinunuliwe. Siku ambazo halijazama, linabeba watu ambao barabara pana isingewabeba.

#24 Mgeni wa Likasi

Swali la pembeni: yale maroboti ya roulage ya Lubumbashi bado yanafanya kazi? Yalipoanza Kinshasa 2013 watu waliyaheshimu kuliko askari.

#25 Parking ya Kenya

Roboti ni taa ya barabarani yenye mikono. Kosa lake si lake: taa yoyote inahitaji muda wake upangwe upya kila mwelekeo wa watu unapobadilika. Asubuhi wote wanaingia mjini, jioni wote wanatoka. Taa ikigawa sekunde sawa kwa pande zote siku nzima, asubuhi unakuta upande mmoja una foleni mpaka sokoni na upande wa pili una kijani bila gari. Askari mzuri anaona hilo na kurefusha mkono. Turudi kwenye uzi.

#26 Sheria na Mji

Turudi kwenye pesa basi, kwa sababu wengi hawajui kwamba pesa ya mgodi ina mgawo wake ulioandikwa. Kodi ya madini, redevance, tangu sheria ya 2018: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 entité territoriale (serikali ya eneo dogo) ambamo mgodi uko, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa shaba kiwango ni asilimia 3.5, kobalti 10.

Sasa tazameni ramani. Tangu Katanga igawanywe majimbo manne mwaka 2015, Kolwezi na Fungurume ziko Lualaba. Zile 25 na zile 15 zinabaki Lualaba. Lakini kamyo inayobeba shaba hiyo inapita Likasi, inapita Lubumbashi, inaenda kutokea Kasumbalesa. Haut-Katanga inapokea ekseli, Lualaba inapokea redevance. Mji wetu unapata mgao wa migodi iliyo ndani ya ardhi yake tu. Hapo ndipo hoja ya Mtu wa Kamyo na swali la #1 vinapokutana.

#27 Mtu wa Kamyo

Ndiyo, na péage?

#28 Sheria na Mji

Péage inalipia barabara ya taifa kati ya miji. Kamyo ikishaingia kwenye barabara za mji, péage haiifuati.

#29 Mgeni wa Likasi

Na mkataba wa Wachina? Ule wa Sicomines, kampuni ya madini ya Wachina na Kongo, uliorekebishwa 2024, tuliambiwa dola milioni 324 kila mwaka kwa miundombinu.

#30 Sheria na Mji

Upo, lakini malipo hayo yamefungwa kwenye bei ya shaba: ikianguka chini ya dola 8,000 kwa tani, yanapungua. Tena ni ya kujenga barabara za nchi nzima. Huwezi kulipia mafuta ya basi na mshahara wa shofa kwa pesa inayopanda na kushuka na soko la London. Pesa ya ujenzi inaweza kusubiri mwaka. Basi linataka mazutu (dizeli) kesho asubuhi. Hilo ndilo linalofanya viongozi wapende lami: unalipa mara moja, unakata utepe. Katiba ya 2006, ibara ya 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ibaki kwenye majimbo, ikatwe palepale inapokusanywa. Ingetekelezwa ilivyoandikwa, mji ungekuwa na pesa ya kila mwezi, na hapo ndipo basi linaweza kuishi.

#31 Fundi Chassis

Na avenue ambazo hazitapata lami miaka 10 ijayo? Kwa hizo nasema pavé. Tofali la zege la sentimita 8, juu ya sentimita 3 hadi 5 za mchanga, juu ya laterite iliyoshindiliwa vizuri. Pembeni lazima kuwe na ukingo wa zege uliozama, bila huo pavé zinatembea na kufunguka. Gari lisizidi kilomita 40 kwa saa. Uzuri wake: bomba la maji la REGIDESO likipasuka, unazitoa kwa mkono, unatengeneza, unazirudisha. Lami ikikatwa kwa bomba, hairudi kuwa ilivyokuwa.

Kinachoharibu pavé ni mchanga mchafu wenye udongo. Ukilowa unavimba, njia inakuwa mawimbi.

#32 Yaya Hesabu

Tena kituo cha basi kisiwe lami kamwe. Basi linapofunga breki mahali palepale mara mia kwa siku, lami inasukumwa na kuwa mikunjo, na mazutu yanayodondoka yanayeyusha bitumi. Wekeni dalle ya zege ya sentimita 20, viungo kila mita 4 ao 5. Kwa basi la mita 12, sehemu iliyonyooka ya kituo iwe mita 15, na mchepuko wa kuingia na kutoka mita 15 kila upande. Kikiwa kifupi, mkia wa basi unabaki barabarani na tumerudi kwenye tatizo la #10.

#33 Mama Soko

Na paa la jua na mvua. Msiliweke mwisho wa orodha.

#34 Mwalimu wa Kasapa

Tunabishana na hakuna mwenye hesabu ya watu wanaopita Tunnel. Hiyo hesabu haihitaji ofisi. Chagueni Jumanne, Jumatano ao Alhamisi, shule zikiwa wazi, siku isiyo na mvua. Saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa moja jioni. Watu wawili kila upande: mmoja anaita, mmoja anaandika. Karatasi igawanywe kwa dakika 15, safu zake: gari dogo, taxi, taxi-bus, basi, kamyo, moto, baiskeli. Kisha mtu wa tano asihesabu magari, ahesabu vichwa: achukue gari moja kwa kila kumi za aina hiyo, aandike waliomo. Ukizidisha wastani kwa idadi, unapata watu. Wanafunzi wangu wa Kasapa wataifanya kama kuna mwenye kutoa karatasi na maji ya kunywa.

#35 Ba Njanja

Karatasi na maji ninatoa mimi. Na sehemu ya kukaa chini ya kivuli, upande wa reli.

#36 Parking ya Kenya

Nitazungumza na watu wa parking wasiwafukuze. Wakiona kalamu na karatasi wanadhani ni kodi mpya. Vaeni gilet yenye jina la chuo.

#37 Mama Soko

Mwalimu, kwenye karatasi yako sioni safu ya wanaotembea kwa mguu. Asubuhi pale Tunnel ndio wengi, na wanapita kwenye mstari wa magari kwa sababu pembeni pamejaa wauzaji na maji machafu. Ongeza safu yao, na nyingine ya wanaobeba mzigo kichwani.